Namna ya kumwomba mzee wa Lamu ashiriki utafiti wa lishe

Mzee wa hapa akikataa, mara nyingi hatamki neno "hapana". Atakwambia, "In shaa Allah, pita Jumamosi." Au, "Mimi nala kidogo tu, mwanangu, kamuulize mwengine." Nilipoanza kuzunguka mitaa ya Mkomani na Langoni na fomu za lishe, maneno hayo niliyachukua kuwa ahadi, nikawa narudi Jumamosi kubisha milango isiyofunguliwa. Ukiyasikia, funga daftari, maliza kahawa uliyokirimiwa, uage. Siku hiyo usiombe tena.

Kisha jiulize amekataa nini hasa. Wako walioelemewa na maradhi, na wako waliochoka kuandikwa na watu wasiorudi kuwaeleza walichokiona. Lakini kwa nilivyoona mimi, zito kuliko yote ni sitara. Kumuuliza mtu mzima jana amekula nini ni kumfunulia kawa mbele ya mgeni. Akijibu "chai na mkate", anahisi amewaaibisha wanawe.

Bibi mmoja wa Langoni alinikatalia mara mbili. Mara ya tatu nilikwenda kumjulia hali tu, bila fomu. "Ndoo uketi," akasema, akavuta sinia lililokuwa limeshaoshwa. "Uliniuliza vikombe vingapi vya wali. Hapa hula watu watano, hicho kikombe kiko wapi?" Akachora kwa kidole: "Huku upande wangu, samaki huwekwa hapa kati." Halafu kidole kikawa kinawasogeza wale samaki, kipande baada ya kipande, kuelekea wanakokaa wajukuu. Upande wake ukabaki wali na mchuzi.

Tangu siku ile nimeacha habari za vikombe. Uliza sinia lilikaliwa na wangapi, samaki alikatwa vipande vingapi, na kila kipande kilikwenda kwa nani. Hapo ndipo penye jibu, kwa sababu mzee anahitaji angalau gramu 1 ya protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, ili misuli isiyeyuke. Bibi wa kilo 50 hafiki gramu 50 kwa wali na mchuzi. Na muulize mkiwa wawili, mkaza mwana akiwa jikoni.

Saa nzuri ni baada ya Alasiri. Jumanne na Ijumaa usiulize chakula cha jana kabla ya kujua kama alifunga, maana wazee wengi hufunga sunna Jumatatu na Alhamisi, na siku moja ya saumu haikuonyeshi ulaji wake wa kawaida.

Kwenye vipimo, mwanamke apimwe na mwanamke, ndani, mlango umefungwa. Aliyepinda mgongo usimsimamishe ukutani kumnyoosha. Pima urefu wa goti, kimo hukadiriwa kutoka hapo. Mzingo wa shavu la mguu ukiwa chini ya sentimita 31, misuli imepungua. Kama kuna damu itakayotolewa, taja kiasi mapema: mililita 5 ni kijiko kimoja cha chai. Nimeona watu wakikubali kila kitu kisha wakaondoka walipoiona sindano ambayo hawakuambiwa.

Karatasi ya ridhaa nayo inatisha. Kuweka kidole gumba kwenye waraka usioweza kuusoma kunamkumbusha mtu mambo ya ardhi. Wazee wetu wengi husoma herufi za Kiarabu vizuri kuliko hizi zetu, kwa hiyo soma kwa sauti mbele ya shahidi aliyemchagua mwenyewe, onyesha kibali cha NACOSTI, tume ya taifa inayotoa vibali vya utafiti nchini Kenya, na umweleze kwamba anaweza kujitoa siku yoyote bila kutoa sababu. Haki ya kujitoa imeandikwa tangu Azimio la Helsinki la 1964, lile la maadili ya utafiti wa tiba kwa binadamu.

Akikataa baada ya yote hayo, amekataa. Usimpitie kwa mwanawe. Ila akikubali kukwambia sababu, iandike, na katika ripoti taja waliokataa ni wangapi. Wanaokuja wenyewe ukumbini mara nyingi ni wenye nguvu. Wale wanaokula kidogo zaidi wamebaki vitandani, na ukiwasahau ripoti itasema wazee wa Lamu wanashiba. Kesho yake ukipita mlangoni pake, sabahi kama kawaida: "Sabalkheri, bibi." Usitaje fomu.