Ukibonyeza Chake inafunguka Wete: kurekebisha linki za slaidi zilizogeuzwa kurasa za wavuti

Mwalimu mmoja wa jiografia hapa Chake Chake aliniletea slaidi zake za Pemba, anataka wanafunzi wa skuli wazisome kwenye simu. Slaidi ya kwanza ina vibonyezo vitatu upande wa kushoto, kimoja chini ya chengine: Wete, Chake Chake, Mkoani. Nikazigeuza kurasa za wavuti kwa LibreOffice Impress, programu ya bure ya kutengenezea slaidi, nikazijaribu kwenye laptopu, zote sawa. Usiku akanipigia: "Kaka, mbona nikibonyeza Chake inafunguka Wete? Na Mkoani imekufa kabisa!" Watu wa Wete watasema ndivyo inavyotakiwa iwe.

Hatua ya 1: weka linki kwenye umbo, si kwenye neno

Impress ikihamisha slaidi kwenda HTML (lugha ya kurasa za wavuti), kila slaidi inakuwa picha, na neno lililomo ndani nalo linakuwa picha tu. Kwa hiyo chora mstatili, bonyeza kitufe cha kulia cha mausi, chagua "Interaction", kisha uelekeze kwenye slaidi au faili unalotaka. Usiweke umbo jengine juu yake.

Hatua ya 2: hamisha

Nenda "File", kisha "Export", chagua HTML, picha ziwe za aina ya PNG. Fungua folda mpya kabla ya kuhifadhi, maana mafaili yatakayozaliwa ni mengi.

Hatua ya 3: tengeneza vipimo

Hapa ndipo pagumu. Fungua faili la slaidi ya kwanza, kwangu ni img0.html, kwa programu yoyote ya kuandikia maandishi matupu. Utaona mistari inayoanza na `<area`, yenye namba nne katika `coords`: kushoto, juu, kulia, chini. Picha yangu ilikuwa pikseli 800 kwa 600, na Wete ilikuwa 40,120,240,180. Chake Chake ilianzia 240 kutoka juu, Mkoani 360.

Namba hizo hazisinyai picha inaposinyaa. Na aliyeisinyaza ni mimi mwenyewe: niliongeza `width:100%` ili picha ienee kwenye kioo cha simu. Simu ikaionesha kwa 400 kwa 300, Chake Chake kwenye picha ikapanda hadi 120, pale pale ilipobaki linki ya Wete. Mkoani ikapanda hadi 180, mwanya usio na linki yoyote. Wete yenyewe ikawa 60, nayo kimya.

Dawa ni kuacha pikseli na kutumia asilimia. Gawa kushoto na upana kwa 800, juu na kimo kwa 600. Kwa Wete: 40 kwa 800 ni 5%, 120 kwa 600 ni 20%, upana 200 ni 25%, kimo 60 ni 10%. Kisha ondoa `usemap` (inayounganisha picha na vipimo vile vya zamani) kwenye picha, futa sehemu yote ya `<map>`, na uandike hivi:

```
<div style="position:relative">
<img src="img0.png" style="width:100%;display:block">
<a href="img1.html" style="position:absolute;left:5%;top:20%;width:25%;height:10%"></a>
</div>
```

Rudia mstari wa `<a` kwa kila kibonyezo. Slaidi zikiwa 40 kazi hii inachosha khasa, lakini linki nyingi huwa kwenye slaidi mbili tatu tu.

Hatua ya 4: kagua anwani

Tafuta neno `file:///` ndani ya mafaili yote. Ukilikuta, linki hiyo inaelekea kwenye diski ya kompyuta yako, na mwengine hataifungua ng'o. Bakisha jina la faili peke yake, na faili lenyewe liweke folda moja na kurasa. Anwani ya nje lazima ianze na `https://` au `http://`. Ukiandika `www` kavu, kivinjari kitaitafuta ndani ya folda yako.

Mwisho pakia kurasa kwenye seva (kompyuta inayoziweka mtandaoni), ufungue kwa simu, ubonyeze kila kitu. Linki za mwalimu zilikubali zote isipokuwa picha ya kisiwa cha Misali. Linki ilisema misali.jpg, faili likaitwa Misali.JPG. Windows haikujali, lakini seva yetu ni ya Linux, na kwake hayo ni majina mawili tofauti. Nikabadilisha herufi, nikampigia. "Sasa Chake ni Chake," akasema.