Njaa ya Moyo: Jinsi ya Kufanya Kazi na Mshauri Nasaha Unapoishi na Unene wa Kupindukia

Mtu mnene huku Kisumu huumizwa pande mbili. Makanga humwambia mbele ya abiria alipe viti viwili. Akianza kupungua, shangazi humshika mkono na kumuuliza kwa sauti ya chini, "Mama, unaumwa?" Nyanza na magharibi hazijasahau miaka ambayo ukimwi ulikondesha watu kabla ya kuwaua, na bado wapo wanaoona mwili wa mke kuwa ushahidi kwamba mume anamtunza. Wengi huacha juhudi hapo, si kwa ulafi, ila kwa kuchoka kuulizwa. Halafu aibu yenyewe huwarudisha jikoni. Mshauri nasaha huanzia kwenye aibu hiyo.

Pitia kwa daktari kwanza

Gawanya kilo zako kwa urefu wako wa mita, kisha ugawanye jibu tena kwa urefu uleule. Kilo 95 kwa mita 1.65 hutoa karibu 35. Kuanzia 30 huitwa unene wa kupindukia. Mweleze daktari dawa zote unazotumia, kwa maana insulini, baadhi ya dawa za magonjwa ya akili na sindano ya kupanga uzazi ya miezi mitatu zinaweza kuongeza uzito. Usiache dawa yoyote kwa uamuzi wako. Ukipimwa presha, omba mkanda mpana: mkanda mdogo kwenye mkono mnene husoma presha juu kuliko ilivyo, na mtu hutoka hapo na hofu isiyo yake.

Daftari la siku saba

Anza kuliandika hata kabla ya kumwona mshauri. Kila unapokula, andika saa, ulichokula, njaa yako kati ya 0 (huna njaa kabisa) na 10 (njaa kali), ulikokuwa na nani, na ulichokuwa unahisi. Mfano:

*Saa tatu na nusu usiku. Chapati nne na soda. Njaa 2. Jikoni peke yangu, watoto wamelala. Mwenye nyumba alipiga simu jioni kuhusu kodi.*

Namba 2 inaeleza mengi. Tumbo halikuwa na shida; kodi ndiyo iliyokula zile chapati. Njaa ya tumbo huja polepole na hukubali hata ugali na sukuma. Njaa ya moyo huja ghafla, hutaka kitu kimoja tu, na ukishamaliza huacha majuto.

Siku ya saba, zungushia alama kila mlo ulioandikiwa njaa chini ya 4. Mara nyingi alama hujikusanya kwenye nyakati mbili au tatu za siku, na hizo ndizo za kumpelekea mshauri. Daftari huharibika mtu anapoandika usiku kwa kukumbuka, au anapoficha alichokula kana kwamba litasahihishwa na mwalimu. Kama nyumbani hakuna siri, jirekodi kwenye simu. Tumia Dholuo, Kiluhya au Kikalenjin ukitaka. Uchungu husemeka vizuri kwa lugha uliyolelewa nayo.

Kazi ndani ya chumba cha mshauri

Mshauri mzuri hutazama kwanza mapengo. Aliyekunywa chai saa kumi na mbili asubuhi na asile tena mpaka saa mbili usiku atakula kwa pupa tu. Huo si udhaifu wa moyo, ni mwili unaodai chake. Kwa hiyo utapangiwa milo mitatu na vitafunio viwili vidogo, kama yai la kuchemsha, ndizi, au karanga kiganja kimoja, ili ukiwa macho usikae zaidi ya muda wa saa nne bila kula. Watu huogopa hatua hii kuliko zote, nao wanaoiruka ndio hulalamika kwamba ushauri haufanyi kazi.

Kisha huja zoezi la kusubiri dakika 15 unaposhikwa na hamu ya kula. Hamu hupanda, hufika kileleni, hushuka. Weka kengele ya simu, toka jikoni, na ujibu hisia yenyewe: upweke kwa kumpigia mtu, hasira kwa kutembea, uchovu kwa kulala. Kengele ikilia na bado unataka, pakua kwenye sahani, keti, kula, andika. Hujashindwa.

Baada ya hapo mtachambua mawazo. "Nimeshaharibu siku" ndilo wazo linalogeuza mandazi mawili kuwa manane. Mnaandika badala yake: "Nimekula mandazi mawili. Chakula cha mchana ni saa saba."

Omba pia mazoezi ya majibu, mshauri akiigiza shangazi. Kwenye matanga: "Asante shangazi, nimeshiba. Nifungie kidogo niende nacho." Kwa anayeuliza kuhusu kukonda: "Niko salama, mama, daktari ananifuatilia." Yaseme kwa sauti mara kadhaa, maana kukataa chakula cha mkubwa bila maneno tayari huonekana dharau.

Kumpata na kumpima mshauri

Anzia Hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga mjini Kisumu au hospitali ya rufaa ya kaunti mjini Nakuru, na uulize huduma za afya ya akili. Kazi hii ina sheria yake tangu 2014, kwa hiyo kuuliza mtu alisomea wapi na kama amesajiliwa si utovu wa adabu. Piga simu mapema uulize kama kuna kiti kisicho na mikono. Hakuna anayefungua moyo akiwa amebanwa mapaja. Vikao huwa vya dakika 50 hivi kila wiki, na tiba kamili ya kula kwa pupa huweza kufika vikao 20. Vikao viwili havitoshi kuamua. Lakini akikupa orodha ya vyakula na kukukaripia mbele ya mizani, tafuta mwingine.

Usingoje daftari likamilike ikiwa unakula chakula kingi mno bila kuweza kujizuia, angalau mara moja kwa wiki kwa miezi mitatu, au ukijitapisha baada ya kula: mwambie daktari waziwazi. Mawazo ya kujidhuru yakikujia, nenda hospitali siku hiyohiyo, au piga 1199, laini ya bure ya Msalaba Mwekundu.