Ziwa na Bakuli: Kupanga Maziwa na Chakula cha Mtoto Kuanzia Miezi 6

Uji mwepesi ndio unaoharibu hesabu yote. Tumbo la mtoto huchukua kiasi cha mililita 30 kwa kila kilo ya uzito wake, kwa hiyo mwenye kilo 8 huchukua mililita 240 kwa mara moja, chini kidogo ya kikombe cha mililita 250. Ukilijaza uji unaomiminika kama chai, umemshibisha maji. Chakula hakupata cha maana, na ziwa naye atalikataa kwa kuwa hana pa kulitia. Maziwa yamepungua na chakula kimepungua, na mama anashangaa kwa nini mstari wa uzito kwenye kadi ya kliniki umelala ilhali mtoto "anakunywa uji vizuri sana".

Basi kabla ya kuuliza mara ngapi kwa siku, tazama uzito wa chakula chenyewe. Chota kijiko, kiinamishe juu ya bakuli. Kinachofaa hung'ang'ania kijiko, kisha huanguka bonge zima, taratibu. Kikichuruzika kama mchuzi, rudisha sufuria motoni.

Mwanzo ni miezi 6 kamili, yaani siku 180. Kabla ya hapo ni ziwa tu, hata maji hayana haja. Joto la kaskazi lisikutie hofu: sehemu kubwa ya maziwa ya mama ni maji, na mtoto mwenye kiu hunyonya mara nyingi zaidi. Ikifika miezi 6, akiba ya madini ya chuma aliyotoka nayo tumboni inakuwa inaelekea kwisha, na maziwa ya mama, pamoja na ubora wake wote, yana chuma kidogo mno. Hapo ndipo chakula kinapohitajika. Mtoto naye huonyesha: shingo imekaza, anakaa akiegemezwa, anapeleka vitu kinywani, na ukimtia chakula ulimi haukisukumi nje.

Sasa, kipi kitangulie? Wiki za mwanzo tanguliza ziwa. Mtoto mwenye njaa kali hana subira ya kujifunza kijiko; atalia, utadhani amekataa chakula, nawe utakata tamaa bure. Mnyonyeshe, mwache apumue nusu saa hivi, kisha mpe vijiko 2 au 3 vya kulia, mara 2 kwa siku. Ongeza polepole mpaka afike nusu kikombe kwa mlo, milo 2 hadi 3, atakapokuwa na miezi 7 au 8. Akikaribia miezi 9, geuza: bakuli kwanza, ziwa baadaye, kwa sababu sasa anahitaji milo 3 hadi 4 ya nusu kikombe na kitafunio kimoja katikati, na akishajaa maziwa hatafungua mdomo. Akitimiza mwaka, robo tatu ya kikombe hadi kikombe kizima, mara 3 au 4, na vitafunio 1 au 2.

Kugeuza huko hakumaanishi maziwa yamekuwa ya ziada. Kati ya miezi 6 na 12 maziwa ya mama bado yanaweza kumpa nusu au zaidi ya nguvu anayohitaji. Kutoka mwaka 1 hadi 2 ni kama theluthi. Kwa hiyo usiku na alfajiri mnyonyeshe kama kawaida, na mchana kila anapotaka. Mtoto wa miezi 8 anaweza kwenda hivi: ziwa saa 12 asubuhi, uji mzito saa 2, ziwa, kisha usingizi, saa 4, chakula cha mchana saa 7 na ziwa la kushushia, ziwa tena saa 10, chakula cha jioni saa 12, ziwa la kulalia, na la usiku akiamka.

Kwa mama anayelima mwani, Paje au Jambiani hapa Unguja, au kule Pemba, ratiba hiyo haishiki, maana saa yake ni ya maji. Wakati wa bamvua, siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hutoka kabisa mnamo saa 4 asubuhi, na kila siku husogea mbele kiasi cha dakika 50. Usipange kwa saa, panga kwa safari: ziwa kabla ya kushuka pwani, ziwa mara tu ukirudi, na katikati chakula kizito kwa mkono wa bibi yake au dada. Kama utachelewa, kamua maziwa kwa mkono kwenye kikombe kilichooshwa na kuchemshwa, chenye kifuniko. Kivulini hukaa kwa muda wa saa 4, si zaidi. Siku za joto kali usiyafikishe huko. Yapashwe kwa kukitia kikombe ndani ya bakuli la maji ya moto, yasichemshwe, na mtoto anyweshwe kwa kikombe. Chupa ya chuchu ni taabu kusafisha, na kuharisha kwingi huanzia kwenye hiyo chuchu.

Sufuria

Kosa kubwa la pili, baada ya uji mwepesi, ni wanga mtupu. Muhogo, ndizi mkono wa tembo, shelisheli na mbatata hushibisha, lakini chuma na protini yake ni haba. Kila bakuli liwe na kitoweo ndani yake: si mchuzi wa samaki, ni samaki mwenyewe. Mchuzi ni maji yenye harufu ya samaki.

Mlo mmoja wa mtoto wa miezi 8: mbatata 1 yenye ukubwa wa yai, kipande cha boga nusu ya mbatata hiyo, nusu tungule (nyanya) iliyomenywa, kipande cha samaki cha urefu wa vidole 2, na vijiko 2 vya kulia vya tui zito. Katakata mbatata na boga, tia tungule, maji yafunike tu, chemsha dakika 15. Samaki mweke juu dakika 8 za mwisho. Mtoe, umchambue kwa vidole vilivyooshwa kwa sabuni, wala si kwa uma: kidole huhisi mwiba ambao jicho halikuuona. Ponda vyote pamoja, tia tui, rudisha motoni litokote mara moja. Hutoka kama nusu kikombe. Chumvi usitie. Kolekole ni rahisi kwa sababu miiba yake mingi ni mikubwa. Changu ni mtamu ila anataka macho na subira. Papa na nduaro waache, samaki wakubwa kama hao hubeba zebaki nyingi.

Akiwa na miezi 6 ponda hadi kilainike kabisa. Kufikia miezi 8 bakisha vibonge vidogo, na kuanzia miezi 9 mpe vipande laini ashike mwenyewe. Anayepondewa mpaka mwaka hujifunza kutafuna kwa shida.

Siku isiyo na samaki wabichi, dagaa. Lakini dagaa wetu wengi huchemshwa kwa maji ya chumvi kabla ya kuanikwa, na chumvi hiyo ni nyingi kwa figo za mtoto. Waoshe kwa maji ya moto, waloweke nusu saa, mwaga, rudia tena. Waanike jua kali, wakaange bila mafuta mpaka wavunjike ukiwaminya, watwange, uwachekeche kwa chekeche laini. Unga huo ukae kwenye chupa kavu yenye kifuniko; tengeneza wa wiki moja au mbili tu. Kijiko 1 cha chai kwenye bakuli kinatosha. Maini, ya kuku au ya ng'ombe, yakunwe yakishaiva, mara moja kwa wiki. Yai liive kabisa, kiini na ute, na hakuna haja ya kungoja mwaka. Njugu zisagwe, nzima humkwama kooni, na zilizovunda au kubadilika rangi hazifai hata zikikaangwa, kwani sumu kuvu haiondoki kwa moto wa jikoni.

Chakula cha nyumba nzima nacho kinafaa, mwezi wa Ramadhani hasa, kunapopikwa muhogo au ndizi za nazi. Toa fungu la mtoto kabla ya kutia chumvi na pilipili, ponda, tia samaki wake. Muhogo uwe ule mtamu, umenywe na uchemshwe hadi uvunjike.

Uji unaotaka uwe mzito halafu mtoto akashindwa kuumeza, usiuongeze maji. Tumia kimea cha ulezi. Loweka ulezi usiku mmoja, uchuje, uufunike kwa kitambaa kibichi siku 2 au 3 mpaka uchipue, uanike, usugue machipukizi yatoke, usage. Pika uji mzito, uuache upoe hadi uwe wa vuguvugu la kuvumilika kwa kidole, koroga kijiko 1 cha chai cha kimea, ngoja dakika 10, kisha uchemshe tena. Utalegea mbele ya macho yako bila kupungua chakula ndani yake. Mtama uliochipua usiutumie namna hii: machipukizi yake yana sumu.

Asiyenyonya

Mtoto asiyenyonya huhitaji milo 4 hadi 5, na maziwa mililita 200 hadi 400 kwa siku kama anapata samaki, mayai au nyama mara kwa mara. Kama hapati, 300 hadi 500. Maziwa ya kopo yapimwe kwa kijiko chake kama yalivyoandikwa. Kuyazimua ili kopo lifike mwisho wa mwezi ni kumnyima mtoto. Maziwa ya ng'ombe lazima yachemshwe. Yakizidi nusu lita kwa siku huziba njaa ya chakula, na mtoto mnene mwenye viganja vyeupe, dalili ya upungufu wa damu, mara nyingi ndiye huyo.

Chai ya maziwa na mkate wa kuchovya ni kifungua kinywa cha watu wazima. Chai huzuia chuma kisiingie mwilini. Na asali, pamoja na baraka zake, ingoje mwaka 1: inaweza kubeba vijidudu vinavyompooza mtoto mchanga.

Akikataa chakula kipya, usimlazimishe wala usikifute. Kirudishe baada ya siku mbili tatu, kijiko kimoja, hata mara 10. Choo kikiwa kigumu baada ya ndizi na muhogo, papai bivu au embe, na maji yaliyochemshwa yakapoa. Mkojo ukipungua kwenye nepi, chakula kimelisukuma ziwa pembeni. Punguza vitafunio, mnyonyeshe zaidi.

Kulikiza kusiharakishwe. Miaka miwili kamili iliyotajwa kwenye Suratul Baqara, aya ya 233, inakubaliana na ushauri wa kliniki. Na mtoto akiugua homa au kuharisha, ziwa liongezwe kwanza, chakula kiwe kidogo kidogo kila baada ya muda mfupi. Akipona, mpe mlo 1 wa ziada kila siku kwa wiki 2, kisha mpeleke akapimwe uzito.