Alamu ya nyumba: inavyofanya kazi na jinsi ya kuifunga isilie ovyo

Wateja wangu wengi hapa Mombasa huanza kwa kutaja kamera. Mimi huwaambia: kufuli kwanza, alamu ya pili, kamera baadaye. Kamera haimzuii mtu kuingia. Itakuonyesha kesho yake kijana mwenye kofia na barakoa, uso huujui. Alamu ndiyo inayompunguzia mwizi muda akiwa bado mlangoni.

Lakini alamu ina adui mmoja, naye si mwizi. Ni kulia ovyo. King'ora kikilia saa nane za usiku kwa sababu ya paka, mara ya kwanza majirani watatoka, mara ya pili watachungulia dirishani, mara ya tatu watageukia ubavu wa pili na kulala. Mwezi ukiisha na mwenye nyumba mwenyewe haitegi tena. Kwa hiyo mwongozo huu utakaa zaidi kwenye mambo yanayoifanya alamu iseme kweli katika joto na chumvi ya pwani.

Hatua ya 1: Izunguke nyumba kabla ya kununua chochote

Chukua karatasi, uchore nyumba yako, kisha toka nje usiku na uizunguke. Jiulize: nikipoteza ufunguo leo, nitaingilia wapi? Jibu lako ndilo la mwizi. Katika nyumba za Bamburi au Mikindani mlango wa mbele huwa na grili na kufuli mbili, halafu mlango wa jikoni, ule wa uani, ni mbao nyepesi yenye komeo moja. Tazama pia tundu la kiyoyozi cha zamani kilichotolewa dirishani na pengo lake kuzibwa kwa plaiwudi. Teke moja linatosha.

Mji wa Kale una hesabu yake. Kuta zimeshikana na vichochoro vina watu hadi usiku, kwa hiyo mgeni asiyetakiwa haji kwa mlangoni. Hutoka kwenye paa la jirani na kushuka kwa ngazi ya darini. Huko mlango wa juu ndio wa kulinda kwanza. Na ikiwa mlango wako wa mbele ni ule wa kuchonga, tafadhali usimruhusu fundi autoboe. Kifaa chembamba cha kubandika upande wa ndani kinatosha.

Weka alama kwenye mchoro: kila mlango, kila dirisha linalofikika kutoka chini, na njia ambayo mtu akishaingia lazima aipite. Njia hiyo, mara nyingi ukumbi wa kuelekea vyumbani, ina thamani kuliko madirisha matano.

Hatua ya 2: Ujue mtambo wenyewe

Ukiondoa plastiki na taa, mtambo wowote wa alamu hufanya mambo matatu: kuhisi, kuamua na kupiga kelele. Sensa zinahisi. Paneli, lile sanduku linalofichwa kabatini, inaamua. King'ora na simu vinapiga kelele. Kipadi cha namba ukutani si paneli, ni mlango wa kuzungumza nayo tu. Ndiyo maana paneli isiwekwe karibu na mlango. Mtu akikivunja kipadi, paneli iendelee na kazi yake chumbani.

Paneli hugawa nyumba kwa zoni, yaani sehemu ambazo kila moja ina kanuni yake. Zoni ya mlango wa mbele hupewa muda wa kusubiri, tuseme sekunde 30, ili wewe mwenyewe upate kuingia na kubonyeza namba. Zoni ya dirisha la chumbani hulia papo hapo. Zoni ya kitufe cha dharura kando ya kitanda huwa hai saa 24, alamu iwe imetegwa au la. Kuna pia kutega kwa aina mbili: kutoka, ambapo kila sensa iko kazini, na kulala, ambapo milango na madirisha yanalindwa lakini sensa za ndani zimepumzishwa ili bi mkubwa aende kutawadha alfajiri bila kuamsha mtaa.

Hatua ya 3: Milango na madirisha

Hapa hutumika swichi ya sumaku. Sehemu moja, yenye vibamba viwili vyembamba vya chuma ndani ya kioo, hukaa kwenye fremu. Sumaku hukaa kwenye mlango. Mlango ukifungwa sumaku huvigusanisha vibamba na mkondo unapita. Ukifunguliwa vinaachana. Kifaa hiki kilibuniwa na Walter Ellwood wa Bell Labs, Marekani, mwaka 1936, na hadi leo hakijapata mpinzani kwa bei na uaminifu.

Alamu ya kwanza ya umeme ni ya zamani zaidi. Augustus Russell Pope wa Somerville, Massachusetts, aliisajili mwaka 1853. Yake ilifanya kinyume: mlango ukifunguliwa ndipo mkondo ulipokamilika na kengele kulia. Kasoro yake unaiona: waya ukikatwa, kengele imekufa. Ya leo hutegemea mkondo unaopita muda wote, kwa hiyo kukata waya ni sawa na kufungua mlango.

Acha nafasi ya kama milimita 5 kati ya sumaku na swichi. Milango yetu ya mbao huvimba masika na kunywea kaskazi. Ukivibana mno vitasuguana, ukiviachanisha mno utapata alamu ya uongo upepo ukiusukuma mlango. Kwenye mlango wa chuma usitumie swichi ya kawaida, kwa kuwa chuma huinyonya nguvu ya sumaku. Omba ile ya milango ya chuma yenye sumaku kubwa.

Hatua ya 4: Sensa ya mwendo, chanzo cha ugomvi

Hiki ndicho kifaa kinacholaumiwa kuliko vyote, na mara nyingi kosa ni la aliyekifunga.

Sensa haioni mtu, inaona joto. Nyuma ya ile plastiki nyeupe yenye mistari kuna fuwele ndogo inayotoa umeme kidogo joto linaloifikia likibadilika. Mistari ya plastiki hukigawa chumba kuwa vipande kama vya embe lililokatwa. Mwili wenye joto ukitoka kipande kimoja na kuingia kingine, fuwele inashtuka. Kutokana na hilo mambo manne yanafuata.

La kwanza, sensa humwona vizuri mtu anayekatiza mbele yake, na humwona vibaya anayeijia moja kwa moja. Basi usiielekeze mlangoni. Ifunge pembeni, urefu wa mita 2.1 hadi 2.4, ili anayetoka mlangoni kuelekea vyumbani aikatize.

La pili ni joto letu. Ngozi ya mtu ina nyuzi 33 hivi, na sebule iliyofungwa mchana kutwa mwezi wa Februari hukaribia hapo hapo. Tofauti ikiwa ndogo, sensa ya bei ya chini haimwoni mtu. Nunua inayojirekebisha kwa joto, na uijaribu saa tisa alasiri, chumba kikiwa kimefungwa. Jaribio la asubuhi baada ya mvua halikuambii kitu.

La tatu, kioo huzuia aina hii ya joto. Sensa iliyowekwa ndani ya dirisha kwa nia ya kulinda ua ni pambo.

La nne ni vinavyoidanganya. Jua la jioni likipiga moja kwa moja kwenye plastiki. Pazia lililopashwa na jua kisha likapeperushwa na pangaboi. Moto wa kompresa ya friji. Na mjusi kafiri: akiwa ukutani mita nne mbali si kitu, lakini akitembea juu ya sensa yenyewe, kwa sensa ni kama chumba kizima kimetikisika. Sisimizi nao huingia kwa tundu la waya na kufanya makao ndani. Dawa yake ni silikoni: ziba tundu la waya, ziba nyuma ya kifaa, na ufute plastiki kwa kitambaa kikavu kila mwezi.

Ukiwa na paka, kuna sensa zinazodai kupuuza wanyama hadi kilo 25. Zinapuuza, mradi mnyama yuko sakafuni. Paka wa Mombasa hakai sakafuni. Yuko juu ya kabati. Kwa sehemu kama hiyo, au baraza iliyofunikwa, tumia sensa ya njia mbili, ile inayopima joto na pia kurusha mawimbi ya redio, na hulia tu njia zote mbili zikikubaliana. Ina gharama zaidi lakini inakuokoa na aibu. Kumbuka tu kwamba mawimbi yake hupenya ukuta mwembamba, kwa hiyo punguza nguvu yake isimhesabu mpita njia.

Hatua ya 5: Waya na rezista

Mtambo usio na waya hufungwa kwa nusu siku na unaifaa nyumba ya kupanga. Lakini kuta nene za mawe ya matumbawe huudhoofisha, na betri ndogo za kila sensa zitakusumbua. Nyumba yako mwenyewe, vuta waya.

Chunguza waya kabla ya kulipa. Kwangua uzi mmoja kwa wembe: ukiwa mweupe ndani ni alumini iliyopakwa shaba. Hewa ya chumvi huula, na siku moja utakatika chini ya skrubu bila wewe kujua. Tumia shaba tupu, au bora iliyopakwa bati, na kila kiungio cha nje kiingie kwenye sanduku lenye mpira.

Sasa rezista. Paneli haiulizi tu kama mkondo unapita. Hupima ukinzani wa laini nzima, yaani jinsi inavyouzuia mkondo. Rezista, kipande kidogo chenye ukinzani unaojulikana, mara nyingi kilo-om 1, 2.2 au 5.6 kutegemea paneli, huwekwa kwenye zoni. Paneli ikisoma thamani hiyo, salama. Ikisoma laini wazi, mlango umefunguliwa au waya umekatwa. Ikisoma sifuri, kuna mtu ameunganisha nyaya mbili ili kuidanganya. Ujanja wote huo unategemea rezista iwe mwisho wa laini, ndani ya sensa. Mafundi wavivu huziweka zote ndani ya sanduku la paneli, na alamu inafanya kazi vizuri kabisa, ila haitambui tena aliyeunganisha waya njiani. Mwambie fundi akufungulie sensa moja uione rezista kwa macho yako.

Hatua ya 6: Stima ikipotea

Paneli huchukua stima ya volti 240, huishusha, na kuchaji betri ya volti 12. Fanya hesabu mwenyewe. Tuseme paneli inatumia miliampea 120, kipadi 60, na sensa sita 15 kila moja. Jumla ni 270. Betri ya ampea-saa 7 ukiigawa kwa 0.27 utapata karibu saa 26. Punguza ya uchakavu na ya king'ora, shika saa 20. Inatosha kwa usiku mmoja wa giza.

Betri hizi hupimwa kwa nyuzi 25. Kila nyuzi 10 za ziada hupunguza umri wake karibu nusu, kwa hiyo usiifungie darini chini ya mabati. Ibadilishe kila mwaka wa pili au wa tatu hata kama inaonekana nzima.

Hatua ya 7: Kelele na simu

Weka ving'ora viwili. Cha nje kiwe juu pasipofikika, chenye betri yake mwenyewe, ili kikikatwa waya kilie. Cha ndani kiwe kikali kuliko cha nje, maana ndicho kinachomvuruga mwizi asiweze hata kufikiri. Kilie dakika tatu hadi tano, si usiku kucha.

Kwa ujumbe, tumia kadi ya simu pamoja na intaneti. Intaneti pekee hufa na stima, isipokuwa ruta nayo ina betri. Na namba ya kwanza kwenye orodha isiwe yako ikiwa unashinda kazini mbali. Iwe ya jirani anayeweza kuchungulia juu ya ukuta sasa hivi. Polisi ni 999 au 112, lakini apige mtu aliyehakikisha.

Hatua ya 8: Kamera, kwa ufupi

Mary Van Brittan Brown, muuguzi wa Queens, New York, aliomba hataza ya ulinzi wa nyumba kwa kamera mwaka 1966, akapewa 1969. Kamera yake ilikuwa mlangoni, kumwonyesha anayebisha hodi. Mpaka leo hapo ndipo mahali bora: usawa wa uso, si juu kwenye paa panapoonyesha vichwa.

Kamera moja ya megabiti 4 kwa sekunde hula gigabaiti 43 kwa siku. Nne zitajaza diski ya terabaiti moja kabla ya wiki kuisha. Futa utando wa buibui, kwani taa ya usiku huung'arisha ukaziba picha yote. Na usiielekeze kwenye ua wa jirani. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 imesamehe matumizi ya nyumbani, si kuchungulia watu.

Hatua ya 9: Jaribu, kisha miliki namba

Weka paneli kwenye hali ya majaribio, tembea kila chumba, fungua kila mlango. Zima swichi kuu ya stima na urudie yote. Fanya hivyo mara moja kwa mwezi na uwaarifu majirani kabla.

Mwisho, namba za siri. Namba ya fundi inayotoka kiwandani ibadilishwe mbele yako, na nywila ya kamera vilevile. Kila mtu wa nyumbani awe na yake, dada wa kazi pia, ili paneli ikumbuke nani alitegua saa ngapi. Akiacha kazi, yake ifutwe siku hiyo hiyo. Na paneli nyingi zina namba ya kulazimishwa: ukishikiwa panga na kuambiwa zima, unabonyeza hiyo, alamu inanyamaza, na jirani anapata ujumbe kimya kimya. Waulize walionayo nyumbani kama wanaikumbuka.