Pizzoccheri kwa unga wa ulezi, tambi za milimani zilizopikwa Mbagala

Kipupwe kimeingia, mtu unalala bila feni hapa Dar unajiona kama uko Makete, na mimi kikiingia tu nafikiria pizzoccheri. Tamka pitsokeri. Sio ile spageti na nyama ya kusaga tuliyoizoea, hii ni ya Valtellina, bonde la kaskazini mwa Italia kule Lombardia, ukivuka milima tu uko Uswisi. Kwa baridi ya kule wakulima walipanda bakwiti, kimbegu cheusi cha pembe tatu ambacho wenyewe wanakiita grano saraceno, kinakomaa haraka na hakidai udongo mzuri. Unga wake ni wa kijivu kijivu, wakakata tambi fupi nene, wakachemsha na kabichi na viazi vya stoo, juu wakamwaga siagi na jibini la ng'ombe wao. Basi, mlo wa wakati wa theluji huo.

Mimi bakwiti nimeizunguka Kariakoo nikachoka, kwaiyo natumia unga wa ulezi. Ladha sio ileile, nisikudanganye, ila ule ukahawia na ile harufu ya udongo mvua kidogo vipo. Na tatizo lao ni moja: zote mbili hazina ile gluteni ya ngano inayovuta, bila ngano donge linakatika. Waitaliano wanaweka bakwiti gramu 400 na ngano gramu 100. Mara ya kwanza nikafuata hesabu hiyohiyo kwa ulezi, weee, zilipogusa maji ya moto zikayeyuka zote nikabaki na uji wa ulezi wenye kabichi na chumvi, wife akaniuliza huu niuweke na sukari au limao. Sasa hivi naweka nusu kwa nusu na hazijaniangusha tena.

Kwa watu wanne: unga wa ulezi gramu 250 uliochekechwa vizuri, ngano gramu 250, viazi mbatata vitatu vya wastani, kabichi robo (ikiwa kubwa ile ya Lushoto hata robo ni nyingi), siagi gramu 150 mpaka 200, chizi la kawaida gramu 250, kitunguu saumu punje mbili tatu, pilipili manga. Chizi namaanisha jibini, sio yule wa kituo cha daladala. Kule wanatumia Valtellina Casera, sisi tutafute lolote linaloyeyuka vizuri, gauda inatosha, jibini la Njombe ukilipata bora zaidi. Ukiwa na hela ongeza lile gumu la kukwaruza, parmesani kidogo tu. Siagi iwe ya maziwa kweli, ile ya kopo ya kupaka mkate hapana, utaona sababu chini.

Kanda unga kwa maji ya uvuguvugu, kidogo kidogo, uwe mgumu kuliko wa chapati, ukibonyeza kidole kinaacha shimo na hakinati. Kanda dakika kumi hivi alafu funika upumzike nusu saa. Sukuma kwenye kibao cha chapati, usifanye nyembamba, milimita 2 au 3, afu kata mikanda ya upana wa vidole vinne, ipangane na unga mkavu katikati isigandane, kisha kata kwa upande mwingine upate vipande vifupi vya upana wa nusu sentimita. Visilingane, nani anapima.

Weka sufuria kubwa ya maji na chumvi, yakichemka tia viazi ulivyokata vidogo na kabichi ya kukata vipande vikubwa. Hamna kabichi? Tia spinachi. Ile tunayoita spinachi sokoni kwetu mara nyingi ni lile jani la shina jeupe nene, na kule Valtellina wanalo, wanaliita coste, wanalitumia badala ya kabichi. Kwaiyo hapo hujachakachua kitu. Ila spinachi isubiri, iingie mwishoni. Viazi na kabichi vikishachemka dakika tano ndo unamwaga tambi humohumo. Dakika 7 au 8 onja moja, isiwe na unga mbichi katikati.

Hapa sasa ndo watu wengi wanaharibu. Usimwage maji yote kwenye chujio halafu ukakoroga na chizi kama unasonga ugali, utapata bonge moja la gundi. Chukua kile kijiko cha matundu cha kuopolea maandazi, opoa tambi na mboga kidogo, zidondoshe maji, weka kwenye hotipoti uliyoisuuza kwa maji ya moto. Tandaza chizi juu. Opoa tena, tandaza tena, mpaka iishe. Kule wanatumia bakuli pana lililopashwa moto, hotipoti ni akili yangu na inafanya kazi hiyo vizuri sana, chizi linayeyuka lenyewe.

Wakati unaopoa siagi iwe jikoni na kitunguu saumu, moto mdogo. Itatoa povu, povu litatulia, utaona vidoa vya kahawia chini na nyumba nzima itanukia korosho za kukaanga. Hapohapo epua, sekunde thelathini zaidi imeungua. Hiyo rangi inatokana na maziwa yaliyomo kwenye siagi, ndo maana ile ya kopo nimekukataza. Toa vitunguu saumu, mwaga siagi juu ya hotipoti, chwaaa, nyunyiza pilipili manga. Usikoroge, pakua ukizamisha kijiko mpaka chini kila mtu apate tabaka zote.

Wale wa Teglio, kijiji kinachojihesabu ndo nyumbani kwa chakula hiki, wana chama kabisa cha kulinda mapishi yake, na mwaka 2016 Umoja wa Ulaya ukalilinda jina la Pizzoccheri della Valtellina. Ulezi wangu wa Mbagala hauwezi kuitwa hivyo kisheria, sawa, wasije tu.

Kikibaki usipashe kwa mvuke. Asubuhi kibandike kwenye kikaango kikavu, ukandamize, usikiguse mpaka chini pakauke na kuwa kahawia, geuza kama chapati, kula na chai ya rangi.