Kusafiri nje ya Marekani ukiwa bado unasubiri grinikadi ya ndoa

Somo hili ni la mtu aliyeko Marekani, aliyefunga ndoa na raia au mkaazi wa kudumu, ambaye ameshapeleka fomu I-485 (ombi lenyewe la grinikadi) na hajapata jibu. Ukitoka nchini bila kibali cha kusafiri, kile ambacho mawakili hukiita advansi paroli, Uhamiaji (USCIS) huhesabu kwamba umeliacha ombi lako. Faili linafungwa, ada hairudi, na kama viza yako ilishakwisha utaanza upya ubalozini. Risiti ya I-797C, inayosema ombi lako limepokelewa, ina nembo ya serikali na jina lako, lakini si kibali. Tafadhali usipande ndege kwa kuitegemea.

Wanaoruhusiwa kutoka bila kibali ni wachache, hasa wenye viza hai za kazi (H-1B, L-1) au za familia zao (H-4, L-2) wanaorudi kwa hadhi ileile.

Hatua ya 1: Jikague. Kama una kesi mbele ya jaji wa uhamiaji, amri ya zamani ya kuondolewa nchini, au uliwahi kukamatwa na polisi, usisafiri hata kibali kikiwa mkononi mpaka wakili wa uhamiaji asome faili lako. Waliopitiliza muda wa kukaa wana hofu ya haki: sheria humzuia kurudi Marekani kwa miaka 3 aliyekaa bila hadhi zaidi ya siku 180 kisha akatoka, na miaka 10 aliyefikisha mwaka. Uamuzi wa Bodi ya Rufaa za Uhamiaji katika kesi ya Arrabally na Yerrabelly ya mwaka 2012 ulisema kwamba safari ya kibali hiki haihesabiwi kuwa kule kuondoka kunakoleta zuio la miaka 10. Wenye pasipoti za Burundi waangalie pia vizuizi vilivyotangazwa Juni 2025.

Hatua ya 2: Jaza I-131, fomu ya kuomba kibali cha kusafiri. Ambatisha nakala ya risiti ya I-485, nakala ya ukurasa wa picha wa pasipoti, picha 2 za rangi za inchi 2 kwa 2, na maelezo mafupi ya sababu ya safari. Kwa I-485 zilizopelekwa kuanzia tarehe 1 Aprili 2024, I-131 ina ada yake, iliyopangwa kuwa dola 630. Zamani ilikuwa ndani ya ada ya I-485. Hakiki ada siku unayotuma, maana ikipungua hata dola moja bahasha nzima inarudishwa.

Hatua ya 3: Subiri, usikate tiketi. Ukitoka wakati I-131 bado inashughulikiwa, nayo inakufa pamoja na I-485. Miadi ya alama za vidole ikiangukia siku za safari, omba ibadilishwe mapema. Kutokwenda bila taarifa kunaweza kufunga ombi.

Hatua ya 4: Isome karatasi. Kibali huja kama karatasi iitwayo I-512L, yenye picha yako. Linganisha jina na pasipoti herufi kwa herufi (Mwanaisha na Mwana Isha si jina moja kwa kompyuta), kisha tarehe ya kuzaliwa na namba yako ya A (namba ya faili lako la uhamiaji). Halafu tafuta tarehe ya mwisho. Hiyo ndiyo siku ambayo lazima uwe umeshasimama mbele ya ofisa wa mpakani. Kupanda ndege siku hiyo hakutoshi. Jiachie wiki mbili za akiba.

Hatua ya 5: Njia ya ndege. Kibali si viza, na hakikupi ruhusa ya kupita nchi nyingine. Wenye pasipoti za Kongo-Kinshasa wanadaiwa viza ya kupita uwanjani katika nchi za Schengen. Wakati wa kurudi, mhudumu wa kaunta Nairobi au Dar anaweza kuwa hajawahi kuiona karatasi hii. Fika saa nne kabla ya ndege kuondoka, mpe karatasi halisi, umwombe kwa upole awaulize CBP (maofisa wa mpakani wa Marekani) kabla ya kukukatalia.

Hatua ya 6: Kuingia. Utapelekwa chumba cha ukaguzi wa pili. Ni kawaida, usitaharuki. Ofisa ana mamlaka ya kukukataa, kwa hiyo beba risiti zote, cheti cha ndoa na nakala ya kitambulisho cha mwenzi wako. Baadaye hakiki I-94 (rekodi yako ya kuingia nchini) mtandaoni: isomeke DA, alama ya aliyeingia kwa kibali hiki.

Maswali ya wanachama

*Mama amelazwa Muhimbili na kibali hakijatoka. Nifanyeje?*
Pole sana, ndugu. Piga 1-800-375-5283, eleza kuwa ni dharura na uombe miadi katika ofisi ya USCIS ya eneo lako. Nenda na I-131 iliyojazwa, picha, ada na barua ya daktari yenye jina la mgonjwa, hali yake na tarehe. Barua inayosema tu “mama ni mgonjwa” haitoshi. Ikiwa ni ya Kiswahili, weka tafsiri ya Kiingereza. Mfasiri aandike na kusaini kwamba anazimudu lugha zote mbili na kwamba tafsiri ni kamili na sahihi.

*Niliingia kwa K-1, viza ya mchumba, na tumeshafunga ndoa. Viza si bado ipo?*
Hapana, dada. K-1 ni ya kuingia mara moja tu. Unahitaji kibali.

*Nikisafiri pamoja na mume wangu ambaye ni Mmarekani?*
Uraia wake haukufuniki. Yeye atapita, wewe utaulizwa karatasi yako.

*Kabla ya ndoa niliomba hifadhi, natokea Bukavu. Naweza kwenda kuzika?*
Ukirudi katika nchi uliyosema unaikimbia, kanuni huchukulia kwamba umeliacha ombi la hifadhi, isipokuwa uthibitishe sababu nzito. Na maswali kuhusu ukweli wa maelezo yako yanaweza kukufuata hadi kwenye mahojiano ya ndoa. Zungumza na wakili kwanza.

*Kibali kikiisha nikiwa Mombasa, nikihuishe huko?*
Hakihuishwi ukiwa nje. Badilisha tiketi, urudi kabla ya tarehe iliyoandikwa.