Fundisha mutoto kutafuta fomula na vijiti vya kibiriti

Batoto bengi hapa Goma bakiona herufi katikati ya hesabu banafunga kaye, na mi naamini shida si akili yao, ni sisi tunabapeleka ku herufi mbele ya kubaonyesha kitu yenye inakua. Basi anza na kitu ya kushika. Twaa kibiriti, kaeni chini, panga vijiti ine, kare moja. Ongeza kare ya pili pembeni lakini zigawane kijiti cha katikati, sawa vyumba vya kupanga vyenye viko na ukuta moja, kisha ya tatu, ya ine. Muache ahesabu mwenyewe: 4, 7, 10, 13.

Atakuambia "tunaongeza tatu tu". Ni kweli, lakini usiishie pale. Muulize kare 10, atapanga ao atahesabu ku vidole apate 31. Sasa muulize 100. Bengi batasema 310, juu 31 mara kumi. Usimukatize, murudishe ku kare 2: vijiti 7, mara mbili 14, lakini kare 4 ziko na 13. Akutanishe ayo mafungu mawili na mikono yake, ataona kijiti kimoja kinabaki bila kazi.

Sasa njo fasi ya maana, usikimbie: muulize "weye unazionaje?" Mumoja atasema kijiti kimoja cha mwanzo, kisha kila kare inaleta tatu. Mwingine: kare ya kwanza ine, zenye zinafuata tatu tatu. Mwingine ataona vya juu, vya chini, na vya kusimama vyenye vinapita hesabu ya kare kwa kimoja. Baseme kwa Kiswahili, hata kama ku masomo hesabu iko mu Kifaransa, juu mutoto anafikiri mu luga yenye anacheza nayo. Kisha fupisha maneno yake tu, hesabu ya kare uiite n: 1 + 3n, 4 + 3(n − 1), n + n + (n + 1). Mujaribu zote na 100: 301, 301, 301. Hapo njo ataelewa kufungua mabano iko na kazi gani!

Kosa ya kila siku ni n + 3, juu kichwa iko bado ku "ongeza tatu". Aingize 1, inatoka 4, sawa. Aingize 2, inatoka 5, na chini kuko 7. Atajirekebisha. Na tafazali, n si jina ya kitu, ni hesabu, iwe 5 ao 5000.

Kibiriti imeisha? Mawe ya lava iko kila fasi. Panga mistari ya 1, 2, 3, 4, jumla inakuja 1, 3, 6, 10. Hii ni ya bakubwa kidogo, juu haiongeze sawasawa. Akikwama, apange ingine kama ile, aigeuze, azikutanishe: inatoka mstatili wa n kwa n + 1 (hapa n ni hesabu ya mistari), na nusu yake njo fomula.